Mafunzo ya Kukabili Maafa katika Ulimwengu Pepe: Mwongozo kwa Waratibu, kwa Mfano wa Bonde la Msimbazi

Ulimwengu pepe ni mahali palipoundwa ndani ya kompyuta, penye ardhi, majengo, barabara na maji vyenye sura ya pande tatu, ambapo watu kadhaa waliokaa katika vyumba au hata miji tofauti huweza kuingia kwa wakati mmoja, wakaonana, wakazungumza na kutenda jambo kwa pamoja, kila mmoja akiwakilishwa na avata, yaani umbo la kidijitali analoliongoza kwa kibodi na kipanya. Mambo mawili huupambanua na filamu au picha za mafunzo: kitendo cha mshiriki mmoja huonekana papo hapo kwa wenzake wote, na matokeo ya kitendo hicho hubaki, hivyo kwamba lori lililoegeshwa vibaya litaendelea kuziba njia hadi atokee wa kuliondoa. Ulimwengu huu haumlazimu mshiriki kuvaa ile miwani mikubwa inayofunika macho, ambayo hutumika katika kinachoitwa uhalisia pepe. Kioo cha kawaida cha kompyuta kinatosha, na kwa mafunzo ya kundi mara nyingi kinafaa zaidi.

Matumizi yake katika mafunzo ya maafa yalipata msukumo baada ya kampuni ya Linden Lab ya Marekani kuzindua Second Life mwaka 2003. Katika jimbo la Idaho, wataalamu wa mafunzo ya dharura za kiafya walijenga ndani yake eneo lililoitwa Play2Train, ambamo watumishi wa hospitali na wa huduma za dharura walijizoeza kukabili mashambulizi ya vimelea vya magonjwa. Mvuto wa njia hiyo unaeleweka popote. Zoezi kamili la uwanjani hulazimu kufunga barabara, kutoa magari ya wagonjwa kwenye zamu, kukusanya mamia ya watu na kuwalipa posho, na likiisha haliwezi kurudiwa kesho yake ili kuona kama waliokosea wamejirekebisha. Zoezi la mezani, yaani lile ambalo wakuu wa idara huketi kuzunguka ramani na kujadili wangefanya nini, ni rahisi kuandaa, lakini lina kasoro ya kuwaruhusu washiriki kuahidi mambo wasiyoyaweza. Afisa husema "tutawahamisha wananchi" na kikao kikasonga mbele, bila mtu yeyote kulazimika kuonyesha njia itakayopitwa, gari litakalotumika wala muda utakaotumika. Ulimwengu pepe husimama kati ya mawili hayo, kwa kuwa humtaka mwenye kuahidi atimize ahadi yake mbele ya macho ya wenzake, maji yakiwa yanapanda.

Hata hivyo, mratibu anayefikiria kuutumia anapaswa kuweka jambo moja wazi tangu mwanzo, kwake na kwa wanaomlipia kazi hiyo. Ulimwengu pepe hufundisha kuamua, kutoa taarifa na kushirikiana, haufundishi mikono. Mzimamoto hatajua uzito wa mpira wa maji kwa kubonyeza kitufe, mwokoaji hatajifunza kuogelea kwenye mkondo, wala mtoa huduma ya kwanza hatajua nguvu inayotakiwa kugandamiza kifua cha aliyezimia. Kituo kinachopunguza mazoezi ya uwanjani kwa sababu kimenunua kompyuta kimewaweka hatarini watu wake na wananchi wanaowategemea.

Kuchagua uamuzi unaofundishwa

Kosa linalogharimu zaidi katika miradi ya aina hii ni kuanza na programu, kisha kutafuta cha kufundisha. Mpangilio unaofaa ni kinyume chake: mratibu huanza na uamuzi mmoja au michache ambayo, ikicheleweshwa au ikikosewa, watu hufa, na kisha huuliza ni mazingira gani yatawafanya wahusika waufanye uamuzi huo kwa mashaka yale yale watakayokuwa nayo siku ya tukio.

Bonde la Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam linafaa kutumika kama mfano, kwa kuwa hatari yake inajulikana na hujirudia. Mto huo huanzia kwenye vilima vya Pugu, hupita katikati ya makazi yenye msongamano mkubwa, na huingia baharini karibu na Daraja la Selander. Njiani huikata Barabara ya Morogoro katika eneo la Jangwani, kati ya Magomeni na kituo cha Fire, mahali ambapo mvua kubwa hukatiza usafiri, ukiwemo wa mabasi yaendayo haraka. Katika mafuriko ya Desemba 2011 zaidi ya watu 40 walipoteza maisha jijini humo, maelfu wakaachwa bila makao, na baadhi ya familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mafuriko yamerudi mara kadhaa tangu wakati huo, na kila yanaporudi maswali huwa yale yale. Nani ana mamlaka ya kuifunga barabara, na anaifunga maji yakifika wapi? Umeme unakatwa lini, na nani anampigia simu nani ili ukatwe? Wanaohama wanaelekezwa shule ipi, na ufunguo wa shule hiyo uko kwa nani saa nane za usiku? Mzee asiyeweza kutembea anajulikana na nani zaidi ya balozi wa nyumba kumi?

Maswali ya namna hiyo ndiyo hazina ya mratibu. Hayapatikani kwenye vitabu vya programu, bali kwa kukaa na wenyeviti wa mitaa, watendaji wa kata, askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, watu wa Msalaba Mwekundu na wakazi waliokwisha kubeba watoto mabegani kuvuka maji. Kwa zoezi la kwanza yachaguliwe maamuzi matatu, yasizidi, na kila moja liandikwe kwa sentensi inayoweza kupimwa: kwa mfano, kwamba barabara imefungwa pande zote mbili kabla kina cha maji juu ya lami hakijafikia sentimita 15. Kipimo hicho kina sababu. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima, sentimita 30 zinatosha kuinua na kusukuma magari mengi madogo, na sentimita 60 huyachukua hata magari makubwa ya abiria yaliyo mepesi, jambo ambalo madereva wengi hawaliamini mpaka wameshaingia.

Kujenga bonde ndani ya kompyuta

Programu za kujengea ulimwengu pepe ni nyingi, kuanzia zile zinazouzwa kwa bei kubwa kwa vikosi vya zimamoto vya Ulaya hadi zile huria, yaani ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia na kuzirekebisha bila malipo. Kwa halmashauri, chuo au chama chenye bajeti ndogo, OpenSimulator, iliyoanza mwaka 2007 na inayofanana kimatumizi na Second Life, ni chaguo la kuzingatiwa kwa sababu moja inayozidi zote: inaweza kukaa kwenye seva ya taasisi yenyewe, yaani kompyuta inayohifadhi ulimwengu na kuwaunganisha washiriki, na ikafanya kazi ndani ya jengo moja bila intaneti kabisa. Kutegemea huduma ya kampuni ya mbali kuna hatari yake. Mozilla ilifunga huduma yake ya vyumba pepe iliyoitwa Hubs mnamo Mei 2024, na waliokuwa wamejenga vyumba vyao humo walilazimika kuvihamisha au kuvikosa. Mratibu atakayeichagua programu yoyote na aulize kwanza kama kazi yake yote inaweza kupakuliwa katika faili moja na kuwekwa kabatini; OpenSimulator hufanya hivyo kwa faili za aina ya OAR, ambazo hubeba ardhi, majengo na vitu vyote vya eneo husika.

Ardhi ndiyo msingi, na hapa Dar es Salaam ina bahati ambayo miji mingi haina. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015 kwa kuwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wanajamii, ulichora nyumba, njia, mifereji na makalavati ya kata zilizo katika hatari ya mafuriko, na taarifa hizo zimewekwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyo wazi kwa kila mtu. Ramani hiyo ndiyo itumike kupanga majengo na barabara. Kwa upande wa mwinuko wa ardhi inatakiwa tahadhari: data za mwinuko zilizokusanywa na chombo cha anga cha Marekani mwaka 2000, zinazojulikana kama SRTM na zinazopatikana bure, zina nukta moja kwa takriban kila mita 30, na makosa yake ya kimo huweza kufika mita kadhaa. Kwa mlima kasoro hiyo ni ndogo. Kwa uwanda wa Jangwani, ambako tofauti ya mita moja huamua nyumba ipi itazama na ipi itasalimika, data hizo zitatoa bonde la uongo. Vipimo vya ndege zisizo na rubani, maarufu droni, au vya wapima ardhi vinapaswa kutafutwa, na visipopatikana, alama za maji zilizobaki kwenye kuta za nyumba baada ya mafuriko yaliyopita ni ushahidi wa kuaminika kuliko wengi wanavyodhani.

Ukubwa wa eneo uwe wa kiasi. Katika OpenSimulator eneo la kawaida ni mraba wenye upande wa mita 256, hivyo maeneo 16 yaliyopangwa manne kwa manne hutoa takriban kilometa moja ya mraba, inayotosha kubeba sehemu ya bonde yenye barabara kuu, nyumba za pande zote mbili na shule moja ya kukimbilia. Ndani ya kilometa hiyo, juhudi ielekezwe kwenye vitu vinavyobeba uamuzi: urefu wa tuta la barabara, mdomo wa kalavati, nguzo za umeme, lango la shule, kichochoro kinachopitika na kile kilichozibwa na ukuta mpya. Rangi za kuta na majani ya miti zinaweza kusubiri. Alama zinazofahamika, kama kibao cha kituo au duka la kona, ziwekwe, kwa sababu wakazi huelekezana kwa hizo na si kwa majina ya barabara yaliyo kwenye ramani, na askari aliyehamishiwa jijini mwezi uliopita anapaswa kujifunza kuelekezwa hivyo. Vibao vyote, kadi za maelekezo na majina ya vitufe vinavyoweza kubadilishwa viandikwe kwa Kiswahili, kwa kuwa mtu aliye katika taharuki hapaswi kutafsiri kabla ya kutenda.

Maji yanahitaji uangalifu kuliko kitu kingine chochote. Programu za aina hii huruhusu kimo cha maji ya eneo kupandishwa hatua kwa hatua, na kwa mtazamaji huonekana kama mafuriko. Lakini maji hayo hupanda yakiwa tambarare, kama ya beseni linalojazwa, ilhali Msimbazi hushuka kwa kasi ukiwa na matope, magogo na taka, na huua kwa nguvu ya mkondo kabla ya kuua kwa kina. Mshiriki anayeruhusiwa kuitembeza avata yake ndani ya maji ya kiuno bila kudhurika amefundishwa jambo litakalomuua. Kwa hiyo ni lazima iandikwe kanuni ndani ya programu, inayofanya avata yoyote inayoingia kwenye maji yaendayo kasi kuzidi kina kilichowekwa iangushwe, iondolewe kwenye zoezi, na jina la mshiriki litangazwe kuwa ni la mtu wa kuokolewa. Kanuni hiyo moja ina manufaa kuliko mapambo yote ya bonde. Giza nalo lisisahaulike, pamoja na kelele za mvua kwenye mabati, kwa kuwa zoezi linalofanyika mchana mweupe na kwa utulivu hupima uwezo ambao watu hawatakuwa nao usiku wa tukio.

Kuandika kisa cha zoezi

Kisa cha zoezi ni maelezo ya tukio zima kama litakavyojitokeza, dakika kwa dakika, na huambatana na vichocheo, yaani taarifa fupi zinazopenyezwa kwa washiriki ili kuwalazimisha waamue. Kwa Msimbazi, kisa chaweza kuanza na angalizo la Mamlaka ya Hali ya Hewa lililotolewa jana, likapandishwa kuwa tahadhari jioni, kisha mvua ikaanza kunyesha vilimani saa kadhaa kabla haijafika Jangwani, ili mto ujae wakati anga la mjini bado halijafunga. Hilo litawajaribu wale wanaosubiri kulowa ndipo wachukue hatua.

Vichocheo vizuri huwa na kasoro za taarifa halisi. Kimoja huja kimechelewa, kingine hukanusha kilichotangulia, kingine hutoka kwa mtu anayelia na kusahau kutaja mahali alipo. Mwenyekiti wa mtaa apokee ujumbe wa kundi la WhatsApp unaodai daraja limevunjika, wakati daraja liko salama, na aonekane atauthibitisha kwa njia gani kabla ya kuusambaza. Baada ya dakika 20 mtandao wa simu uzimwe kabisa. Mkuu wa zoezi ajizuie kuongeza balaa juu ya balaa kwa ajili ya msisimko, kwani mara tu washiriki wanapoona kwamba hakuna uamuzi wowote utakaowasaidia huacha kufikiri na kuanza kusubiri kipindi kiishe.

Majukumu yafuate sheria na desturi iliyopo. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, na kazi ya maafa huendeshwa kwa kamati kuanzia ngazi ya taifa na mkoa hadi chini kwa wananchi, Idara ya Menejimenti ya Maafa katika Ofisi ya Waziri Mkuu ikiwa mratibu mkuu. Mkuu wa wilaya awe mkuu wa wilaya ndani ya zoezi, mtendaji wa kata awe mtendaji, na asitokee kijana wa idara ya kompyuta akashika nafasi ya mkubwa wake kwa sababu tu anaimudu avata vizuri. Kama zoezi litaonyesha kwamba watu wawili wanaamini kila mmoja ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kufunga barabara, hiyo ni faida kubwa, kwa kuwa imegunduliwa bila mtu kuzama.

Watu, vyumba na mitambo

Kwa mara ya kwanza washiriki kati ya 12 na 20 wanatosha. Wagawanywe katika vyumba tofauti kadiri ya ofisi zao: kituo cha uratibu chumba kimoja, zimamoto chumba kingine, mitaa chumba cha tatu. Wakiwekwa ukumbi mmoja watasikilizana hata wasipokusudia, na zoezi litapoteza kile hasa kilichokusudiwa kupimwa, yaani taarifa inavyosafiri kutoka kwa mwenye kuona hadi kwa mwenye kuamua. Ingawa programu nyingi zina sauti ndani yake, mawasiliano yapite kwenye simu za upepo zile zile zinazotumika kazini pale zinapopatikana, ili washiriki wazoee kusubiri zamu, kujitambulisha na kurudia ujumbe waliopokea.

Umri na mazoea ya kompyuta huleta dhuluma ambayo mratibu asiyeangalia hataiona. Mtendaji mwenye uzoefu wa masika 20 huweza kuonekana mzito kwa sababu tu avata yake inagonga ukuta, huku mgeni wa kazi aliyekulia kwenye michezo ya kompyuta akionekana hodari. Dawa yake ni kumpa kila anayehitaji msaidizi wa kushika kipanya, ambaye hutii maelekezo na haruhusiwi kushauri, na kutenga nusu saa ya kwanza kwa ajili ya kutembea, kufungua milango na kuzoea mwendo, bila kupimwa. Miwani ya uhalisia pepe huwaletea baadhi ya watu kizunguzungu na kichefuchefu, hugharimu fedha nyingi na huwatenga wavaaji na makaratasi na wenzao waliomo chumbani. Kwa hiyo iachwe, isipokuwa kwa somo fupi la mtu mmoja mmoja.

Kwa upande wa mitambo, kompyuta ziunganishwe kwa nyaya badala ya mtandao usio na waya, betri za akiba zilinde seva umeme unapokatika, na zoezi lote lijaribiwe siku moja kabla kwa idadi kamili ya avata, kwa sababu seva inayowabeba watu watano bila shida huweza kukwama wakifika 15.

Pale kisa kinapokuwa na majeruhi, tuseme ukuta umewaangukia watu waliojibanza chini yake, ulimwengu pepe hufaa sana kufundishia upangaji wa majeruhi kwa uharaka. Mojawapo ya taratibu zinazotumika kote duniani ni START, iliyobuniwa California katika miaka ya 1980, ambayo humtaka mwokoaji ampime kila mtu kwa muda usiozidi dakika moja. Anayeweza kutembea hupewa alama ya kijani. Asiyepumua hata baada ya njia ya hewa kufunguliwa hupewa nyeusi, na anayeanza kupumua kwa kufunguliwa huko hupewa nyekundu. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, asiye na mapigo kwenye kifundo cha mkono na asiyeweza kufuata amri rahisi, wote ni nyekundu. Waliobaki ni njano. Kila majeruhi wa kidijitali hubeba kadi inayoonyesha vipimo vyake pale mshiriki anapomgusa, na programu huandika muda uliotumika na rangi iliyotolewa. Ifahamike lakini kwamba utaratibu huo ulitungwa kwa ajili ya majeraha, hivyo aliyezama maji na kuacha kupumua hastahili kuachwa kwa kanuni ya nyeusi iwapo yupo mtu wa kumpulizia pumzi za uokoaji. Jambo hilo lifundishwe waziwazi katika zoezi lolote la mafuriko.

Mjadala baada ya zoezi

Zoezi lenyewe lisizidi saa moja. Mjadala unaofuata upewe saa moja na nusu au zaidi, na kama muda hautoshi, kipunguzwe kipindi cha kompyuta na si cha mjadala. Hapo ndipo watu hujifunza. Programu huweza kuhifadhi kila mwendo wa avata na kila amri iliyotolewa, hivyo tukio lote huweza kuoneshwa tena ukutani kwa mtazamo wa juu, na mabishano ya nani alisema nini lini yakamalizwa kwa ushahidi.

Mwezeshaji aanze na waliokuwa chini kabisa katika ngazi. Mkuu wa wilaya akizungumza kwanza na kusema kazi imekwenda vizuri, balozi wa nyumba kumi hatasema kwamba taarifa yake ya kwanza haikujibiwa kwa dakika 14. Kwa hiyo utaratibu wa kuzungumza utangazwe mapema, kabla ya zoezi, na wakubwa waombwe faraghani waukubali, wakielezwa kwamba ukimya wao wa mwanzo ndio utakaowapatia taarifa wasizozipata ofisini. Maswali yaelekezwe kwenye mambo yaliyotendeka: taarifa gani ilikuwa mezani wakati uamuzi unafanyika, nani mwingine alikuwa nayo, na kitu gani kilimzuia kuisema. Lawama kwa mtu binafsi zizuiliwe, ingawa makosa yatajwe bila kufunikwa, kwani kamati inayotoka kwenye chumba cha mafunzo ikiwa imesifiana tu imepoteza siku.

Kila kasoro iliyobainika iandikwe pamoja na jina la ofisi itakayoirekebisha na tarehe ya mwisho. Baada ya wiki chache, zoezi lile lile lirudiwe kwa vichocheo tofauti, na muda kati ya taarifa ya kwanza na uamuzi wa kwanza upimwe upya. Bila marudio hayo hakuna anayeweza kudai kwamba mafunzo yamefaa, hata kama fomu za maoni zimejaa shukrani.

Heshima kwa waliopatwa

Baadhi ya washiriki watakuwa wamewahi kupoteza nyumba au ndugu katika bonde hilo hilo linaloonekana kwenye kioo. Waelezwe mapema kitakachooneshwa, wapewe ruhusa ya kutoka bila kuulizwa sababu, na awepo mtu mwenye ujuzi wa ushauri nasaha. Nyumba za watu halisi zisiwekewe majina ya wenyewe, na vifo vilivyotokea kweli visichezwe upya kwa sura zinazotambulika. Kumbukumbu za sauti na za mienendo ya washiriki ni taarifa zao binafsi, zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022; zitumike kwa mafunzo pekee, zisipelekwe kwenye tathmini za kupandisha vyeo, na zifutwe baada ya muda uliokubaliwa. Watu wakijua kwamba kosa la kwenye zoezi litawafuata kazini, hawatakosea mbele ya wenzao, na pasipo kukosea hakuna cha kusahihisha.

Ratiba inayofaa kwa Dar es Salaam ni zoezi moja mwezi Septemba, kabla ya mvua za vuli zinazoanza Oktoba, na jingine mwezi Februari, kabla ya masika ya Machi hadi Mei. Kabla ya kila zoezi mtu mmoja atembee bondeni kwa miguu, akiwa na picha za ulimwengu pepe mkononi, na aandike kilichobadilika: nyumba zilizobomolewa, ukuta uliojengwa, mfereji uliozibwa, na hatua zilizofikiwa na kazi za Mradi wa Bonde la Msimbazi, ambazo ni pamoja na daraja jipya la Jangwani na zitabadilisha mwendo wa maji na wa magari kwa pamoja. Mabadiliko hayo yaingizwe kwenye faili kuu, toleo jipya lipewe tarehe na nakala yake ihifadhiwe nje ya jengo la seva, na matoleo ya zamani yaondolewe kwenye kompyuta zote za mafunzo ili mtu asije akajizoeza kukimbilia njia ambayo haipo tena.